Kulima Kule, Kulala Huku: Usalama wa Wakazi Baada ya Maporomoko ya Ardhi

Mada kwa ajili ya semina ya kamati za maafa za kata na vijiji, Matembwe, Njombe

1. Utangulizi

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwasaidia wakazi waendelee kuwa salama mahali ambapo ardhi imekwisha kuporomoka. Mada ni pana na ratiba imenibana, kwa hiyo nitapita haraka penye mambo mnayoyajua, nipate kukaa kwenye jambo moja ambalo mipango yetu imekuwa ikilikwepa: mkulima aliyehamishwa mteremkoni hurudi kulala mteremkoni, na sababu zake si za kipuuzi.

2. Maana, visababishi na dalili

Maporomoko ya ardhi ni kushuka kwa udongo, mawe au tope kutoka kwenye mteremko. Visababishi vyake ni mteremko mkali, mwamba au udongo dhaifu na maji mengi. Binadamu huongeza kwa kuchonga kingo za viwanja na barabara, kuondoa uoto na kuelekeza maji ovyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 kwa saa 24, lakini mteremko uliolowa wiki nzima unaweza kuachia kwa mvua ndogo kuliko hiyo. Dalili ni nyufa ardhini, miti na nguzo kuinama, milango kukwama, chemchemi kuibuka pasipokuwa nayo, na mto kuchafuka au kupungua ghafla. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya 2022 imeweka mfumo wa kamati kuanzia taifa hadi kijiji. Sitaongeza hapo.

3. Tatizo lenyewe: kurudi

Tuanzie Mlima Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya mlima ule ilimeguka baada ya mvua kubwa. Wataalamu wa Serikali walieleza kwamba haukuwa mlipuko wa volkano, bali mwamba dhaifu ulifyonza maji ukashindwa kujihimili. Tope likafuata mkondo wa mto Jorodom hadi mjini Katesh, na watu 89 wakapoteza maisha. Baadaye Serikali na wadau, Msalaba Mwekundu wakiwamo, waliwajengea waathirika nyumba zaidi ya 100 katika eneo la Waret. Ni kazi ya kupongezwa, nami naipongeza bila kuuma maneno. Hata hivyo, nyumba hujibu swali la mahali pa kulala tu. Swali la mahali pa kulima huwa linabaki pale pale lilipokuwa siku ya janga, na kwa mtu anayekula kutoka shambani, swali hilo la pili ndilo litakaloamua atalala wapi msimu ujao.

Anayetaka ushahidi atazame Mlima Elgon, upande wa Uganda. Tarehe 1 Machi 2010 kijiji cha Nametsi wilayani Bududa kilifukiwa. Waliokufa na waliopotea wanakadiriwa kuzidi 300. Serikali ya Uganda ilizihamishia familia nyingi Kiryandongo, upande mwingine kabisa wa nchi, ikazipa ardhi. Wengi walirudi Bududa. Migomba, kahawa, jamaa na makaburi yao vilikuwa Elgon, na kilimo walichokizoea hakikufanana na cha nyanda walikopelekwa. Oktoba 2018 maporomoko yaliua zaidi ya watu 40 eneo la Bukalasi, wilaya hiyohiyo. Novemba 2024 ikawa zamu ya wilaya nyingine ya Elgon, Bulambuli. Si haki kuwaita watu hawa wakaidi. Mpango uliwapa kiwanja ukawatenga na riziki, wao wakachagua riziki. Hatua ya baadaye ya kujenga makazi mapya Bunambutye, chini ya mlima uleule, ilikuwa ya busara zaidi angalau kwa hili moja, kwamba ilipunguza umbali kati ya kitanda na shamba.

Matembwe na vijiji vya ukanda huu wa Lupembe havifanani na Hanang kwa ukubwa wa mlima, lakini vinafanana na Elgon kwa aina ya riziki. Chai, parachichi na miti ya mbao ni mali ya kudumu. Mche wa chai huchumwa kwa miongo, parachichi hungojewa miaka kabla ya kuzaa, na miti humsubiri mwenyewe miaka mingi zaidi. Chini kuna vinyungu, yaani mashamba madogo ya bondeni, ambavyo ndivyo chakula cha kiangazi. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachopakiwa kwenye lori. Ukimwambia mkulima wa huku ahame na kuacha vyote, umempa amri ambayo ataitii mpaka msafara wa viongozi uondoke. Na mvua zetu za msimu, Novemba hadi Aprili, zinakuja wakati uleule ambao shamba linamhitaji zaidi.

Hoja yangu basi ni hii: tutenganishe haki ya kulima na ruhusa ya kulala. Eneo lililothibitika kuwa hatari liendelee kuwa shamba la mwenyewe, lisiwe makazi. Na mahali pa kulala pawe umbali ambao mtu anaweza kwenda na kurudi kwa miguu siku hiyohiyo. Sheria haitupingi. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 kinahesabu miteremko mikali miongoni mwa maeneo yanayoweza kutangazwa kuwa ardhi hatarishi, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo ina kifungu kinacholingana nacho. Tatizo ni kwamba mwananchi akisikia tangazo la namna hiyo, anachosikia ni kunyang'anywa. Hofu hiyo humfanya afiche nyufa badala ya kuziripoti, na humfanya arudi mapema ili asionekane amelitelekeza eneo lake. Dawa yake ni karatasi. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, uliopitishwa na mkutano mkuu, uonyeshe waziwazi maeneo ya kilimo bila makazi. Kisha kila familia inayohama ipewe hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba lake. Akiwa na hati mkononi, mtu hana sababu ya kulala juu ya shamba ili kulilinda.

Naomba radhi kwa ukali kidogo hapa. Kila baada ya janga huundwa kamati, hukusanywa michango, hugawiwa magodoro na unga, na mahema hukunjwa. Suala la mashamba huandikwa kwenye ripoti kuwa "litashughulikiwa na mamlaka husika". Msimu unaofuata moshi unaonekana tena mteremkoni, na mamlaka husika bado haijatajwa jina.

4. Pingamizi

Wapo wanaosema kwamba kumruhusu mtu kulima eneo la hatari ni kuhalalisha kifo, na kwamba katazo la jumla ndilo salama. Katazo la jumla lingekuwa salama kama lingetiiwa. Lisipotiiwa, watu huingia kwa siri, hawahesabiki, na siku ya janga waokoaji hawajui watafute nani wapi. Ruhusa yenye masharti inatupa orodha ya walio shambani na inatupa nguvu ya kuwazuia siku ambayo ni lazima.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: mlima hauporomoki usiku tu. Kule Gofa, Ethiopia, Julai 2024, waliojitokeza kuwaokoa waliofukiwa na poromoko la kwanza walifukiwa na la pili, na vifo vikazidi 200. Nakubali kabisa. Ndiyo maana ruhusa ya kulima haiwezi kuwa ya siku zote. Ni lazima ifungwe na kipimo cha mvua na dalili za ardhi. Nasisitiza usiku kwa sababu aliyelala haoni ufa wala hasikii mto ukibadilika, na familia nzima huwa chini ya paa moja. Kumwondoa mtu usiku hakumalizi hatari, ila kunaondoa sehemu yake kubwa kwa gharama tunayoimudu.

Tatu, hofu ya wizi wa mazao na mifugo mtu asipolala shambani. Hili lina jibu la kawaida: zizi lihamie kwenye makazi na ulinzi wa mashamba uwe wa zamu, mchana. Nne, gharama. Kipima mvua cha shule ni rahisi, na upimaji wa mashamba, japo si wa bure, ni nafuu kuliko kuhamisha kijiji mara mbili. Matembwe, ambako kampuni ya kijiji imeendesha mtambo wa umeme wa maji tangu miaka ya 1980, haiwezi kushindwa kusoma kipima mvua kila asubuhi.

5. Mapendekezo

Kwa kuzingatia yaliyoelezwa, napendekeza kwa heshima:

(i) Halmashauri iiombe Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania ikague miteremko yenye makazi na kuweka alama zinazoonekana kabla ya mvua za msimu.

(ii) Baada ya poromoko lolote, asirudi mtu, hata mwokoaji, kabla mteremko wa juu haujakaguliwa na mlinzi wa kutoa ishara hajawekwa.

(iii) Mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji itenge maeneo ya kilimo bila makazi.

(iv) Hati za kimila zitolewe kwanza kwa familia zinazohama, kabla ya mtu mwingine yeyote.

(v) Viwanja mbadala viwe umbali wa kutembea kutoka mashambani. Kiwanja cha mbali kitabaki wazi.

(vi) Kila kijiji kiwe na kipima mvua, na kiwango cha kuondoka kikubaliwe pamoja na wataalamu. Kabla ya hapo, katika maonyo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, ngazi ya angalizo iwe ya kujiandaa, na ngazi ya tahadhari iwe ya kutolala wala kulima mteremkoni.

(vii) Mwenyekiti wa kitongoji apewe, kwa maandishi, mamlaka ya kusema "ondokeni" bila kusubiri simu ya wilayani. Akikosea kwa tahadhari, asilaumiwe.

(viii) Namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ibandikwe kwenye kila ofisi ya kijiji, lakini wakazi wafundishwe kwamba kuondoka hutangulia kupiga simu.

(ix) Mitaro ya barabara na ya mashamba isimwagwe juu ya nyumba za watu.

(x) Kwa mara nyingine, haki ya shamba isitegemee kulala shambani.

(xi) Taarifa ya utekelezaji imtaje kwa cheo ofisa anayewajibika kwa kila kipengele.

6. Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, sitarajii kikao hiki kitekeleze mapendekezo kumi na moja. Naomba mawili yaingie kwenye muhtasari wa leo: la nne, juu ya hati, na la saba, juu ya mamlaka ya mwenyekiti wa kitongoji. La saba halihitaji fedha, linahitaji barua. La nne linahitaji fedha kidogo na uamuzi wa kuanza na familia zilizo mteremkoni. Yakiandikwa leo yakiwa na cheo cha mwajibikaji na tarehe, haya mengine yatapata pa kushikia.