Damu ilitoka Kikwit, kampuni iko Miami



Kati yetu hapa kuko wenye diploma ya biolojia, ya kilimo, ya farmasi. Tulipanda Kasapa miaka mitano, wengine zaidi. Leo tunauza uniti za telefone. Watu wanatuuliza: "Masomo yenu inaleta nini ku nyumba?" Ni swali ya haki. Tusikasirike, tujibu.

Tuanze na jambo ambalo lilifanyika kweli. Mwaka 1995 Ebola iliingia Kikwit. Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake walichukua damu ya watu waliopona, wakaitia wagonjwa 8. Wagonjwa 7 walipona. Wataalamu wengi wa inje walikuwa na mashaka. Lakini miaka 11 nyuma, watafiti wa Marekani, pamoja na Muyembe na INRB ya Kinshasa, walirudi kwa mutu mumoja aliyepona kule Kikwit. Mu damu yake walipata kingamwili, ni kusema askari ambao mwili unatengeneza juu ya kupigana na ugonjwa. Toka pale dawa ikazaliwa.

Mwaka 2018 na 2019 dawa nne zilipimwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Kwa wale waliopewa ile ya Kikwit, karibu 35 juu ya 100 walikufa. Kwa wale wa dawa ya ZMapp, karibu 50. Mwezi wa 12, 2020, Marekani iliikubali kwa jina la Ebanga.

Sasa musikie vizuri. Damu ni ya Kongo. Wazo la kwanza ni la Kongo. Wagonjwa waliokubali kupimwa ni ba mama na bandugu wetu. Lakini leseni, mwaka 2018, ilipewa Ridgeback Biotherapeutics, kampuni ya Miami.

Hatusemi waliiba. Kutoka labo mpaka ku duka ya dawa kuko njia ndefu: feza, mashini, karatasi, usimamizi. Wao walikuwa tayari kutembea ile njia. Sisi kwetu, nani alikuwa tayari?

Na hatuendi mbali. Mumoja wetu alifanya memwari yake juu ya kulima uyoga ku magunzi ya mahindi. Munajua uyoga wa porini unangojea mvua, na pori la miombo linakatwa kila siku juu ya makala. Yeye alilima ndani ya nyumba, mu kiangazi. Kilo nane za kwanza ziliisha siku moja, ba mama waliuliza zingine za kula na bukari. Alipeleka mradi ku ofisi moja. Walimuambia arudie kesho, kisha wakamuomba matabishi. Alikatala. Nyuma yake umeme ulikatika siku nne, mbegu yote ikaoza. Memwari iko mu kabati, imefungwa.

Ile kabati njo shida yetu.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, memwari za wanafunzi zifunguliwe, raia wazisome. Pili, jimbo linalopata feza ya shaba na kobalti litoe sehemu, hata kidogo, juu ya labo moja yenye umeme wa hakika, ambamo kijana mwenye wazo anaingia bila kujua mukubwa. Tatu, kila mara damu, majani ao udongo wetu unatoka kwenda inje, kuwe mkataba wazi: nani mwenye haki, na faida inarudia wapi.

Na sisi wenyewe? Tusiuze utafiti wetu juu ya feza ya taxi. Tusisaini karatasi ambayo hatujasoma. Tusingojee mwaliko.

Siku ya posho, kila mwenye memwari akuje nayo hapa hapa. Tutaandika ukurasa mumoja kwa Kiswahili: kazi hii inaweza kutengeneza nini, na nani atainunua. Ule wa uyoga eko wa kwanza. Tunamutafutia magunzi, na betri.

Kabati zifunguliwe!