Kiwewe cha Vita na Bastola ya Kabatini

Ndugu msikilizaji, juma lililopita mama mmoja mtu mzima alinisimamisha katika kituo cha basi Temeke. Nilimpa shikamoo, naye baada ya kuitikia marahaba akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Mwanawe anaishi Marekani. Alijiunga na jeshi la huko, akapelekwa Afghanistan, na sasa ameacha kazi hiyo. Usiku halali. Fataki zikilia anajitupa chini. Mkewe anamsihi aende hospitali, naye hataki, kwa kuwa ana bastola kabatini na wenzake wamemwambia kwamba daktari akishaandika jina la ugonjwa, serikali itakuja kuichukua.

"Mwanangu," mama aliniambia, "wewe ni mtu wa habari. Ni kweli hayo?"

Nimekwenda kusoma. Jibu ni hapana, ingawa hofu ya kijana huyo haikuzuka hivi hivi.

Ugonjwa wenyewe ni kiwewe kinachobaki baada ya tukio la kutisha. Madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza rasmi katika orodha yao ya maradhi mwaka 1980, miaka mitano baada ya vita vya Vietnam kumalizika. Humpata askari, hali kadhalika humpata aliyebakwa au aliyenusurika katika ajali. Walio wengi hawamdhuru mtu yeyote.

Nchini Marekani haki ya kumiliki silaha imo katika Katiba tangu mwaka 1791. Sheria ya taifa ya mwaka 1968 inawanyima haki hiyo watu kadhaa, akiwamo yule ambaye mahakama au chombo kingine cha sheria kimetamka kwamba, kwa sababu ya akili yake, ni mtu wa hatari au hawezi kuendesha mambo yake, na yule aliyelazwa kwa amri katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Majimbo nayo yana sheria zake. Lakini kwa sheria ya taifa, kwenda kwa daktari kwa hiari na kuambiwa una kiwewe hakukunyang'anyi bunduki.

Basi hofu imetoka wapi? Kwa miaka mingi, idara ya askari wastaafu ilipoona mtu hawezi kusimamia fedha za malipo yake, ilimwekea msimamizi, kisha ikapeleka jina lake katika orodha ya FBI, ambayo muuza bunduki huiulizia kabla ya kuuza. Mtu ameshindwa hesabu za matumizi ya nyumbani, mara amepoteza na haki ya silaha, pasipo kusimama mbele ya hakimu! Manung'uniko hayo yalikuwa ya haki. Machi 2024, katika sheria ya bajeti, Bunge liliizuia idara hiyo kutumia fedha kupeleka majina namna hiyo, isipokuwa hakimu awe ametamka kwamba mhusika ni hatari kwa nafsi yake au kwa wengine.

Nami nasema ndivyo inavyopasa. Kinachostahili kupimwa ni hatari, si jina la ugonjwa. Mnakumbuka Lewiston, katika jimbo la Maine, Oktoba 2023? Askari wa akiba aliua watu 18. Hakuwa amepigana vita yoyote. Lakini jamaa zake walikuwa wameonya miezi kadhaa kabla kwamba anasikia watu wakimsema vibaya na kwamba ana silaha. Tume iliyochunguza ikasema polisi wa eneo lake walikuwa na sababu za kutosha za kumchukua na kuanza utaratibu wa kumwondolea bunduki. Dalili zilionekana, hatua hazikuchukuliwa.

Hata hivyo, wanaoitetea haki hiyo nao wasijifumbe macho. Kila mwaka askari wastaafu zaidi ya 6,000 wa Marekani hujiua, na kama saba katika kila kumi hutumia bunduki. Wazo la kujiua mara nyingi huja likapita, lakini risasi haimpi mtu nafasi ya kubadili nia.

Baba yangu mdogo alirudi kutoka vita vya Uganda mwaka 1979. Bunduki ya jeshi aliikabidhi kambini. Nikiwa mtoto nilimsikia akipiga kelele usiku, akiwaita watu waliokwisha kufa. Zikianza siku zake mbaya, mama mdogo alilipeleka panga la shamba kwa jirani, na zikipita akaenda kulichukua. Hakuna aliyemwambia baba mdogo kwamba panga si lake tena. Alifariki mzee, kitandani mwake, wajukuu wakiwa mlangoni.

Basi mama, popote uliponisikia, mwambie mwanao aende kwa daktari. Na kabla ya kwenda, bastola hiyo aiweke kwa mtu anayemwamini, kwa kufuata sheria ya jimbo lake, au aifunge na ufunguo akae nao mkewe. Idara ya askari wastaafu hutoa makufuli ya bunduki bila malipo. Akipona ataikuta. Asipokwenda, mama, bastola itabaki kabatini, na tunayemwogopea ni yeye.

Hadi juma lijalo, kwaherini.