Ugonjwa wa mifugo haujui mpaka



Mbuzi mliyekimbia naye ndiyo pesa ya shule ya mtoto, ndiyo dawa ya mgonjwa. Akifa, wengi husema: "Wale wa ng'ambo ndio walioleta ugonjwa." Hapo ugomvi unaanza.

Tukumbuke sotoka ya ng'ombe, iliyomaliza mazizi mengi Afrika tangu mwisho wa karne ya 19. Serikali zilikubaliana kuchanja na kupashana habari, zikisaidiwa na ofisi ya mifugo ya Umoja wa Afrika, AU-IBAR, iliyoanzishwa mwaka 1951. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka hiyo imekwisha duniani. Nchi moja peke yake isingeiweza.

Imebaki sotoka ya mbuzi na kondoo. Chanjo yake ipo, na mataifa yamelenga kuimaliza ifikapo 2030. Lakini mapatano ya serikali yanatimizwa zizini. Mnyama akipata homa, akiharisha na kutoka kamasi, mtengeni, msimpeleke sokoni, mwiteni daktari wa mifugo. Viongozi, wajulisheni mapema wenzenu wa upande wa pili, bila kulaumu. Habari ya kweli ikitangulia, chuki haipati nafasi.