WATOTO WADOGO WANAOLELEWA MAKUPA WAKATI SISI TUKO KAZINI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi, Makupa, Mombasa)



Mkutano uliopita ulitutuma sisi watu watatu tukaangalie habari ya watoto wadogo wa wanachama ambao huachwa kwa walezi mitaani tunapokwenda kazini. Tuligawana siku kwa zamu zetu. Aliyetoka kazi ya usiku alikwenda asubuhi, na mwenye zamu ya asubuhi alikwenda jioni. Siku sita tulikaa katika nyumba moja hapa Makupa, upande wa Majengo, na mama mwenye kazi hiyo alitupokea vizuri sana. Jina lake hatutalitaja, kwani hakututuma kumtangaza. Tutamwita Mama Mlezi.

Nyumba yenyewe mnaijua namna yake. Ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, na nyuma kuna ua wenye jiko, bafu na choo. Kila chumba kina mpangaji wake. Mama Mlezi ana chumba kimoja, na kwa hisani ya wapangaji wenziwe hutumia ukumbi na kile kipande cha ua chenye kivuli. Watoto ni 11. Mdogo kabisa ana miezi minne, mkubwa wao ana miaka mitatu na nusu, na wengi wako kati ya mwaka mmoja na nusu na miwili. Msaidizi wake ni mmoja tu, binti yake mwenyewe aliyemaliza shule na hajapata kazi.

Kazi huanza saa kumi na moja na nusu alfajiri. Wazazi wa zamu ya asubuhi hupita mapema kwenda kutafuta matatu kwenye mzunguko wa Makupa, wengine waende Changamwe, wengine Miritini kwenye stesheni ya reli mpya iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017. Mtoto huletwa begani, amelala, amefunikwa leso. Akiamka asimwone mzazi hupiga mayowe. Na akilia mmoja, wa pili humwangalia, hufikiri kidogo, kisha naye huanza, wala hajui sababu. Siku ya kwanza tuliwaona saba wakilia pamoja, na mmoja wao alipoulizwa analilia nini, alimwonyesha mwenzake kwa kidole. Sisi watu wa chama tulitazamana. Huo ndio mgomo wa kuungana mkono, tena hauna notisi. Mama Mlezi hakumgombeza hata mmoja. Alileta uji, akawa anaupoza kwa kuumimina kutoka kikombe hiki hadi kile, mkono juu, na macho ya wote saba yakaufuata uji. Mgomo ukaisha bila kufika mahakamani.

Baada ya uji kila mtu hushika idara yake. Yuko mwana wa mpakia mizigo wa bandarini, ana miaka miwili, kazi yake ni viatu. Huvitoa viatu vyote mlangoni, kimoja kimoja, akavipanga kwa mstari kutoka ukumbini mpaka uani, kisha akavirudisha vyote mlangoni. Akimaliza huanza upya. Hakuna aliyemtuma wala atakayemlipa ovataimu, lakini ukimgusia kiatu kimoja utajuta.

Yuko na mwingine, mwana wa mwenzetu wa reli. Huyu alikuta mbuzi ya kukunia nazi imeachwa karibu na jiko, akaipanda, akapiga honi, akawa dereva. Mama Mlezi alitoka jikoni kwa mbio ambazo hatukudhani mtu wa umri wake anazo, maana mnajua ulimi wa mbuzi ile ni chuma chenye meno. Siku ile ile mbuzi ilitundikwa ukutani juu, na dereva akapewa kigoda. Sasa treni yake ina mabehewa manne, watoto wanne wanaoshikana mashati kwa nyuma. Likianguka behewa la mwisho, treni nzima hukaa chini ikacheka.

Yuko binti wa mwaka mmoja na miezi minane ambaye alijifunza "marahaba" kabla ya "shikamoo". Kila mtu mzima apitaye hupewa marahaba yake, hata kama hajaamkia. Mzee mmoja wa ndevu nyeupe aliyeleta maji alipewa yake, akasimama, akatua madumu, akamwamkia shikamoo kwa adabu zote. Binti akamjibu mara ya pili, kisha akaendelea na shughuli zake.

Na ugomvi upo. Wawili waligombania kifuniko cha sufuria, kila mmoja akisema "changu!", na mmoja akamwuma mwenzake mkono. Mama Mlezi alimpoza aliyeumwa, akamwambia yule wa meno maneno mawili kwa sauti ya chini, kisha akaleta kifuniko cha pili kinachofanana kabisa na cha kwanza. Basi wote wawili wakakitupa cha kwanza, wakaanza kugombania cha pili.

Lakini msidhani ni kicheko tu. Maji ya mfereji mitaani kwetu hayatoki kila siku, hununuliwa kwa madumu ya lita 20 kwenye mkokoteni. Mtoto mmoja alipata kifuu cha nazi, akachota maji kidogo kidogo kwenye ndoo, akamwogesha paka, akauogesha ukuta, hata ndoo ikabaki tupu. Kwake ni kazi njema aliyoifanya. Kwa Mama Mlezi ni fedha zilizokwenda mchangani. Tena alituambia maji si hasara tu, ni hatari, kwani mtoto mdogo aweza kuzama katika ndoo tunayoogea. Mwingine, kabla hatujafika, alitia mbaazi puani, ikabidi apelekwe zahanati ikatolewe. Mkaa ukiwaka jikoni, mmoja kati ya wale wanawake wawili haondoki hapo mpaka umezimika.

Mchana hulazwa kwenye mikeka ukumbini. Mmoja halali ila ameshika pindo la leso ya Mama Mlezi. Basi mama huifungua leso ile polepole, akamwachia, akajifunga nyingine. Ndiyo sababu ana leso nyingi kuliko tulivyotazamia.

Tulimwuliza kama hachoshwi na fujo hizi. Alijibu: "Anayeleta fujo ni mzima. Ninayemwogopa ni yule anayekaa kutwa mahali pamoja, kimya. Huyo ama ana homa, ama ana njaa, ama ana huzuni." Ndugu zetu, neno hili tulipeleke nyumbani. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo wa malezi ya watoto wadogo, nao wataja mambo matano: afya njema, chakula cha kutosha, usalama, mlezi anayemsikiza mtoto na kumjibu, na nafasi ya kujifunza tangu mwanzo. Yule wa viatu anajifunza kuhesabu na kupanga. Yule dereva anajifunza kuongoza wenziwe bila kuwaangusha. Binti wa marahaba anajifunza kukaa na watu. Humo uani mna mtoto wa Kigiriama, wa Kijaluo, wa Kitaita na wa Kikamba, na wote wanagombana kwa Kiswahili kizuri. Michezo ile ndiyo kazi yao, na mama yule ndiye msimamizi wao.

Sasa tuje kwenye neno zito.

Mlezi huyu hulipwa mwisho wa mwezi. Alipotufungulia daftari lake tuliona wazazi wanne wana deni lililopita mwezi mmoja, na unga wa uji haukopeshwi namna hiyo. Saa ya kuchukua watoto ni kumi na mbili jioni. Jioni ya siku ya tatu watoto kumi walikwisha kuchukuliwa, akabaki mmoja wa miaka miwili. Alikaa barazani karibu na mlango. Kila pikipiki iliyopita alisimama, akatazama, akakaa tena. Pikipiki za Makupa ni nyingi. Hata saa tatu usiku mama yake akafika, anahema. Wengine hapa wangemlaumu, lakini sikizeni kwanza. Alizuiliwa kiwandani kufanya ovataimu, akaambiwa saa kumi na moja jioni, na simu zilikuwa zimefungiwa kabatini. Angeondoka, angepoteza kibarua. Alibaki, na mtoto akahesabu pikipiki.

Ndugu, jambo hili si geni Mombasa. Januari 1947 wafanyakazi zaidi ya 15,000 wa mji huu, wa bandari, wa reli, wa mahoteli hata wa majumbani, waliweka kazi chini kwa sababu mshahara haukutosha. Wakati ule mfanyakazi Mwafrika alihesabiwa kama mtu mmoja asiye na mke wala mtoto, na kitanda kimoja kilidhaniwa kumtosha. Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilikubali kwamba hesabu ile haifai, ikapendekeza mshahara wa chini ufikiriwe kwa mtu pamoja na jamaa yake. Wazee wetu waliwaingiza watoto katika hesabu ya mshahara. Sisi imetubakia kuwaingiza katika hesabu ya saa za kazi.

Tazameni sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama mzazi likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na baba wiki mbili. Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita. Miezi mitatu na mitatu ni sita, na ile mitatu ya pili ni ya nani? Ni ya Mama Mlezi. Yule mtoto wa miezi minne tuliyemtaja, maziwa ya mama yake huletwa alfajiri katika chupa, nayo hayatoshi kutwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imewataka waajiri waweke mahali pa kunyonyeshea kazini. Kesho mkifika kazini, ulizeni mahali hapo pako wapi.

Wala tusiseme haiwezekani. Mwaka 1969 huko Delhi, India, palianzishwa Mobile Creches, nyumba za kulelea watoto zilizowekwa pale pale kwenye kazi za ujenzi, ili watoto wa vibarua wasikae kwenye vumbi na matofali mama zao wakibeba karai. Kama liliwezekana kwa kibarua wa siku asiye na anwani, linawezekana kwa mtu wa reli na wa bandari.

Kwa hiyo twaleta mbele yenu mapendekezo haya, tukiomba yazungumzwe leo:

1. Kila mwanachama mwenye mtoto kwa mlezi amlipe siku ile ile anayopokea mshahara, kabla ya duka na kabla ya deni jingine. Siku hizi fedha hutumwa kwa simu, hakuna udhuru wa njia. Dawa ya deni ni kulipa.

2. Kila mzazi ampe mlezi karatasi ya zamu zake za wiki, na jina la mtu mwingine anayeruhusiwa kumchukua mtoto. Sisi wa reli twajua kwamba dereva haondoki stesheni bila ruhusa ya njia mkononi. Na mtoto naye akabidhiwe mkono kwa mkono, asiachwe mlangoni.

3. Wenye watoto katika nyumba moja wachange kwa zamu maji na mkaa, na wenye ufundi wa seremala na wa chuma watengeneze kizuizi cha jiko na vifuniko vya ndoo. Mbao chakavu hazikosekani kwetu.

4. Kamati ipeleke kwa waajiri dai moja lililo wazi: ovataimu itangazwe mapema, na mama au baba mwenye mtoto mdogo aruhusiwe kupiga simu.

5. Kamati izungumze na chama cha KUDHEIHA, ambacho huandikisha wafanyakazi wa majumbani, tujue walezi wa mitaani nao wanaweza kusaidiwa namna gani. Mwaka 1947 watu wa majumbani walisimama pamoja na watu wa reli. Si haki leo tuwasahau.

Wako wasemao kwamba kulea watoto uani si kazi, ni kukaa tu nyumbani. Mwenye maneno hayo twamwalika siku moja tu, kutoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, awatazame watoto 11, ndoo tatu za maji, jiko moja na mbuzi ya nazi. Wahenga walikwisha kusema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Na kazi ina haki zake: malipo kwa wakati, saa zinazojulikana, na heshima. Ndizo haki tunazozidai sisi kila mwaka mezani kwa waajiri. Hatuwezi kuzidai kwa mkono mmoja na kumnyima mwenzetu kwa mkono wa pili.

Tumekwisha, Bwana Mwenyekiti. Maswali tutayajibu. Umoja ni nguvu.