Kuupima Mti Kabla ya Kuukata



Anunuaye chungu sokoni haridhiki kwa kukitazama tu. Hukigonga kwa kidole akausikiliza mlio. Lakini anunuaye miti mara nyingi huzungusha kamba kwenye shina na kutaja bei, na mkulima hukubali. Kamba hueleza unene. Haielezi kama mbao zitakazopasuliwa zitabeba paa au zitapinda zikikauka.

Paini aina ya Pinus patula, yenye asili ya Meksiko na iliyoenea katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ni mfano mzuri. Katika miaka yake ya mwanzo mti huu hujenga kuzunguka kiini ubao mchanga, mwepesi na dhaifu. Ubao imara huja baadaye, upande wa nje. Hivyo mti ulionenepa upesi penye rutuba na nafasi huweza kuwa na unene wa mti mzee na nguvu za mti mchanga.

Hayo hujulikana bila shoka. Chombo cha mawimbi ya sauti kina sindano mbili zinazopigiliwa shinani, moja juu ya nyingine, kwa umbali wa mita moja hivi. Ya chini hugongwa kwa nyundo, na chombo huhesabu muda wa mlio kuifikia ya juu. Mlio ukitumia sehemu 333 za milioni ya sekunde kwa mita moja, kasi yake ni mita 3,000 hivi kwa sekunde. Ukitumia 250, ni mita 4,000. Tofauti hiyo si ndogo, maana ukakamavu wa ubao hufuata kasi iliyozidishwa kwa yenyewe: ni kama 9 kwa 16. Uzito wa ubao mbichi ukiwa sawa, mti wa pili hukaribia kuwa na ukakamavu maradufu.

Hata hivyo, chombo hicho husikia zaidi ubao wa nje kuliko wa moyoni, na hivyo huusifu mti kupita haki yake. Kipimo kifanywe pande mbili za shina, mbali na vifundo, na miti inayolinganishwa iwe ya umri mmoja.

Chama kisicho na fedha za chombo hicho chaweza kuanza na keekee ya sampuli, bomba jembamba la chuma litoalo kijiti cha ubao kutoka gome hadi kiini. Ujazo wa kijiti hupimwa kikiwa kibichi, kwa kukizamisha majini. Kisha hukaushwa katika joto la nyuzi 103 za Selsiasi mpaka uzito usipungue tena. Uzito huo ukigawanywa kwa ujazo ule, uzito asilia wa ubao hupatikana. Katika msaji, kijiti hicho hicho huonyesha ubao wa kahawia wa ndani, wenye thamani, umefika wapi. Tundu hubaki, na kuvu huweza kuingia. Basi ipimwe miti michache ya mfano, si shamba zima.

Katibu aandike katika daftari namba ya mti, umri, unene na muda wa mlio, kabla mnunuzi hajaitwa. Miti yenye kasi kubwa itajiwe bei ya mbao za kujengea. Iliyo hafifu isubiri, au iuzwe kwa kazi ya masanduku. Daftari hilo liwe mezani siku ya kupatana.