Jenoside, halaiki na waliolala Rebero

Msikilizaji, kila Aprili 13 Rwanda hufunga wiki ya maombolezo ya jenoside dhidi ya Watutsi kwenye kilima cha Rebero, wilayani Kicukiro, hapa Kigali. Wamezikwa huko watu zaidi ya 14,000, wakiwemo wanasiasa waliouawa mwaka 1994: Joseph Kavaruganda, rais wa Mahakama ya Katiba, Frédéric Nzamurambaho wa chama cha PSD, na Landoald Ndasingwa wa PL, ambaye mji mzima ulimwita Lando. Wote watatu waliuawa Aprili 7.

Siku hizo redio zote hutamka neno jenoside. Ni neno changa. Lilibuniwa na Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi wa Poland, katika kitabu kilichotoka Marekani mwaka 1944. Alichukua genos ya Kigiriki, yaani mbari, akaiunga na neno la Kilatini la kuua. Desemba 9, 1948, Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba dhidi ya jenoside. Na mkataba huo hauhesabu maiti, unatafuta nia: je, muuaji alikusudia kuliangamiza kundi, lote au sehemu yake, kwa sababu ya taifa, kabila, rangi au dini?

Ndiyo maana siridhiki nikimsikia mtangazaji mwenzangu akisema "mauaji ya halaiki". Halaiki ni umati wa watu. Tanzania, hata watoto wanaocheza kwa pamoja uwanjani kwenye sherehe za kitaifa huitwa halaiki! Neno hilo linatuambia walikufa wengi, basi. "Mauaji ya kimbari" angalau inatuambia walitafutwa kwa nasaba yao.

Wakubwa waliujua uzito wa neno hili, wakaliogopa. Juni 10, 1994, msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani alikuwa akizungumzia "vitendo vya jenoside" tu. Mwandishi wa Reuters akamuuliza: vitendo vingapi vinatimiza jenoside moja? Jibu halikupatikana. Mkataba unawataka waliousaini waizuie jenoside, na huku watu walikuwa wakichinjwa. Hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa hilo ilitoka Arusha, Septemba 2, 1998, dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa komuni ya Taba.

Lakini Rebero inatutaka tuwe waangalifu zaidi. Kavaruganda na Nzamurambaho hawakuwa Watutsi. Waliponzwa na msimamo wao wa kisiasa. Na mwaka 1948, baada ya mabishano marefu, makundi ya kisiasa yaliachwa nje ya mkataba, Umoja wa Kisovieti ukiwa miongoni mwa waliotaka iwe hivyo. Desemba 18, 2008, mahakama hiyo ya Arusha ilipomtia hatiani Kanali Théoneste Bagosora wa jeshi la Rwanda la enzi hizo, mauaji ya wanasiasa hao yalihesabiwa kuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, ukisoma taarifa ya Aprili 13, taja yote mawili: jenoside dhidi ya Watutsi, na mauaji ya wanasiasa walioikataa. Hewani hayachukui hata sekunde kumi.