Ramani ni Daftari la Bahari



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Bahari ni mali ya umma, na daftari lake ni ramani. Taifa lisilojua samaki wake wanazalia wapi, wanavuliwa na nani, kwa zana gani na katika msimu gani, haliwezi kudai kwamba linaihifadhi bahari yake.

Tangu zamani mvuvi wa pwani alikuwa na ramani yake kichwani. Aliutambua mwamba ulio chini ya maji kwa kulinganisha mnazi na kilima vilivyo nchi kavu. Alijua fungu lenye changu, mkondo wapitao nguru, na tofauti ya maji ya bamvua na maji mafu. Lakini wavuvi wameongezeka, na makokoro yamezoa hata samaki wachanga. Baruti, ingawa ilipigwa marufuku tangu mwaka 1970, iliendelea kwa miaka mingi kuyavunja matumbawe, ambayo ndiyo nyumba na malisho ya samaki.

Ndiyo maana ilitungwa Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Mwaka uliofuata, Mafia ikawa hifadhi ya kwanza ya bahari nchini Tanzania, yenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 822. Hifadhi hiyo ina vijiji ndani yake, na bahari yake haikufungwa yote. Imegawanywa katika kanda: upo ukanda usioruhusiwa kuvuliwa kabisa, na zipo kanda ambamo uvuvi unaruhusiwa kwa masharti.

Hata hivyo, mstari uliochorwa ofisini hauonekani majini. Mvuvi mwenye mtumbwi na madema, akikatazwa mwamba wa babu yake bila kuelezwa sababu, huiona sheria kuwa adui wa chungu chake. Haki inadai kwamba ashirikishwe kabla mpaka haujachorwa, na kwamba sheria impate pia mwenye chombo kikubwa.

Mfano wa pweza unafundisha. Jike la pweza hutaga mara moja tu, hulinda mayai yake, kisha hufa. Akivuliwa kabla ya kutaga, kizazi chake chote kimekwenda. Mwaka 2004 wavuvi wa Andavadoaka, nchini Madagascar, walikubaliana kufunga sehemu ya miamba yao kwa miezi kadhaa. Ilipofunguliwa, walivua pweza wakubwa zaidi, na vijiji vingine vikaiga. Utaratibu wa namna hiyo umefika hata Pemba. Mpaka huo huheshimiwa kwa sababu wenyeji wameuweka wenyewe na faida yake wameipima kwa mizani.

Wajibu wa afisa uvuvi, basi, ni kuipeleka ramani dikoni, aisome pamoja na wavuvi, wakiwamo akina mama wanaochokoa pweza, na airekebishe kwa ujuzi wao. Wajibu wa mwalimu wa jiografia ni kuwatuma wanafunzi kwa wazee wakaandike majina ya miamba na mafungu kabla hayajazikwa na wenyewe. Daftari likiandikwa na wenye mali, kulilinda hakutahitaji doria peke yake.